Mpangaji wa Tano

Kwa serikali ya Uchina nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Kwetu sisi ilikuwa na vitatu. Hicho cha tatu alikitengeneza marehemu Abass kwa mikono yake, kwa kuikata sebule katikati kwa mbao za plaiwudi alizozipandisha begani mpaka ghorofa ya saba, maana lifti ilikuwa mbovu na yeye hakuwa mtu wa kusubiri. Akaweka mlango, akaweka kitasa, akamwambia mkewe Shifa atangulie kuingia. Wakaishi humo miaka sita. Sijawahi kumsikia Shifa akikilalamikia chumba kile, ingawa ukipiga chafya jikoni yeye alikuombea rehema kutoka kitandani kwake.

Mkataba ulikuwa kwa jina langu. Mimi ni Albina, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mwika, miaka kumi na minane nanunua jinzi Xintang, na mdomo wangu kule unajulikana kuliko sura yangu. Nililala chumba kidogo peke yangu, kwa sababu nakoroma na sipendi kuambiwa. Chumba kikubwa walilala wanaume wawili: Dullah wa Kariakoo, aliyekuwa mshirika wa Abass katika kazi ya kupakia makontena bandarini Huangpu, na Heriel, Mchaga mwenzangu, muuza simu. Heriel ni Yanga, Abass alikuwa Simba. Walikuwa wakigombana kupitia plaiwudi bila kuonana, mpaka Shifa anawafokea wote wawili wakalale.

Mwezi wa pili Abass akafa. Alianguka asubuhi akifunga viatu, tukamkimbiza hospitali, saa sita mchana moyo ukasimama. Kesho yake wakamzika kwenye makaburi ya Waislamu hapa hapa Guangzhou. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilimpenda kama ndugu yangu.

Usilolijua ni usiku wa giza. Mimi Mlutheri, habari za eda nilizisikia kwa majirani tu. Shifa ndiye aliyenieleza, siku ya tatu ya msiba, akiwa amekaa mkekani. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa katika nyumba aliyoachwa na mumewe. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa haja ya lazima, na hachanganyiki na wanaume wasio maharimu wake.

"Na mazishini sikwenda, kwetu wanawake hatuendi," akasema. "Kaburi lake sijaliona, da Albina. Nitamaliza eda humu alimoniacha, nitakwenda kumzuru, ndipo nirudi kwetu Unguja."

Viza yake ilikuwa inakwisha wiki moja baada ya eda. Muda ulimtosha, lakini haukuwa na siku za kuchezea. Hicho ndicho alichokitaka Shifa duniani kwa wakati ule, wala hakutaka kingine.

Basi nikawa askari wa eda ya watu. Niliwapa wanaume amri zangu: wapige hodi kwenye nyumba wanayoilipia kodi, wakipita sebuleni wakohoe, wakikuta mlango wa plaiwudi uko wazi watazame dari. Heriel alikohoa kwa bidii mpaka jirani Mchina akamletea dawa ya kifua. Aliipokea kwa mikono miwili, akainywa yote.

Kosa lililotuletea balaa lilikuwa langu, na nililifanya nikijua. Uchina kila mgeni huandikishwa kituo cha polisi cha mtaa anapolala. Nyumba yetu ilikuwa na majina matano. Baada ya mazishi niliambiwa nipeleke cheti cha kifo ili jina la Abass lifutwe. Nilikuwa nimeshavaa viatu Shifa aliponiita.

"Da Albina, mwache mpaka eda iishe. Mimi nakaa eda nyumbani kwa mume wangu. Ukimfuta, nitakuwa nakaa kwa nani?"

Mtu mwenye akili zake angemjibu swali hilo kwa dakika moja. Mimi nilivua viatu.

Zilipobaki siku kumi na nane, matangazo yakabandikwa kwenye ngazi za kila jengo mtaani kwetu. Sebule isigawanywe kwa mbao. Jikoni, barazani na stoo asilale mtu. Chumba kimoja watu wasizidi wawili, na kila mtu awe na mita tano za mraba zake mwenyewe. Wakaguzi walianza na nyumba zenye majina mengi kuliko vyumba, na sisi majina matano kwenye vyumba viwili tukawa wa mwanzo kabisa.

Siku ya Jumanne akaja binti wa ofisi ya mtaa, mwenye miwani na kipimo cha kutoa mwanga mwekundu. Alifuatana na askari mmoja na mwenye nyumba wetu, Mama Chen, aliyekuwa anatokwa na jasho kana kwamba ndiye mwizi. Binti akapima chumba kikubwa. Mita kumi na mbili, watu wawili. Akapima changu. Mita saba, mtu mmoja.

"Jumla watatu," akasema. "Kwenye orodha mko watano. Na huku nyuma ya mbao?"

"Stoo," nikasema. "Sampuli za nguo."

Sampuli zikakohoa. Binti akagonga mlango, Shifa akafungua, kajitanda mtandio mweupe, tasbihi mkononi. Yule binti akamtazama yeye, akatazama mkeka, akatazama kofia ya Abass iliyotundikwa kwenye msumari ukutani.

"Huyu wa nne. Wa tano yuko wapi?"

"Amefariki. Mwezi wa pili."

"Sasa mbona yumo kwenye orodha?"

Kichina changu ni cha bei, rangi na zipu. Cha eda sina. Nikamwambia tu kwamba mkewe bado anakaa nyumbani kwake. Binti hakuelewa, lakini hakucheka, na kwa hilo nilimshukuru kimoyomoyo. Akaandika karatasi: kufikia Ijumaa saa sita mchana mbao ziwe zimetoka, wakazi wasizidi watatu, orodha iwe imesahihishwa. Tusipotimiza, mkataba unavunjwa na wote tunatoka. Mlangoni akageuka akaniambia kwamba sheria hii haikutungwa kwa chuki, kwamba mtu aliyelala nyuma ya mbao moto ukija haoni pa kutokea. Nilitaka kubishana naye. Alikuwa anasema kweli.

Jioni nikawaita Dullah na Heriel jikoni. Tulinong'ona, ujinga mtupu, maana plaiwudi ile haikuwahi kuficha mnong'ono wa mtu.

"Watatu tu," nikasema. "Mimi na Shifa tutahamia chumba kikubwa. Chumba kidogo kinabaki kwa mwanamume mmoja. Mmoja wenu atoke."

Dullah akatazama sakafu. "Da Albina, makontena ya marehemu ninayo mimi. Wiki hii tunafunga mawili, bandarini wananitaka saa yoyote. Na nitakwenda wapi? Nimepiga simu kwa kina Zubeir, kwa kina Samwel, kote wamebandikiwa karatasi hiyo hiyo. Ukiuliza kitanda mtaa huu unajibiwa *meiyou*, hakuna, hata kabla hujamaliza kuuliza."

Heriel alikuwa anakula wali. Hakuinua kichwa.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Unakula kama vile hayakuhusu."

"Nimesikia, dada."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia tangu aingie nyumba ile hajawahi kununua hata chumvi. Nikamwambia angekuwa Abass aliye jikoni na yeye Heriel aliye kaburini, Abass angeshafunga mzigo wake zamani. Nikaongeza mengine ambayo sitayaandika hapa. Heriel akaosha sahani yake, akaifuta, akaiweka kabatini.

Ndipo sauti ya Shifa ikatoka nyuma ya mbao, ya upole kabisa.

"Msigombane kwa ajili yangu. Nitaondoka mimi. Kaka yangu Khatib ameshaniangalizia tiketi ya kesho kutwa. Na sheikh nimemuuliza kwa simu, anasema ikiwa ni dharura inafaa, eda nitaimalizia Unguja."

"Na kaburi?" nikamuuliza kutoka jikoni.

Nikasikia zipu ya begi ikivutwa.

Nikaingia kwake, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Ameshaanza kukunja nguo zake, chache tu, na pembeni za Abass, nyingi zaidi. Nikamweleza jambo ambalo miaka yote sita sikuwahi kumweleza. Baba alipofariki, baba zangu wadogo walisubiri arobaini iishe, wakamtoa mama kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo ambako nyumba yetu ilikuwa katikati ya migomba. Alitoka na sufuria mbili. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, moja nilibeba mimi. Mpaka anakufa mama alikuwa akipita barabara ya juu ili asiione ile migomba.

Shifa akanishika mkono. "Hao hawakumtaka, da Albina. Nyinyi mnanitaka. Nafasi tu ndiyo haipo."

"Kwa anayetoka ni yale yale," nikasema, na nikalia mbele ya mwenye msiba, jambo ambalo halifai.

Jumatano Heriel hakuonekana. Hakulala nyumbani, simu hakupokea. Nikajua amekimbia mdomo wangu na atarudi Jumamosi mambo yakishakwisha, na nikamwapiza kwa Kichaga na kwa Kiswahili. Shifa alinipa pasipoti yake nimpelekee Khatib picha yake kwa ajili ya tiketi. Niliiweka mfukoni nikasingizia kwamba mtandao unasumbua.

Alhamisi saa mbili asubuhi hodi ikapigwa. Heriel huyo, na bisibisi mkononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Xintang. Yule *laoban* wako wa zipu, bosi mnene. Bweni la wafanyakazi wake lina kibali, na kitanda kimoja cha juu kilikuwa wazi. Nimeshaandikishwa polisi ya kule jana." Akanionyesha karatasi yenye muhuri. "Shifa ahamie chumba kikubwa."

"Na simu zako? Kutoka Xintang mpaka dukani kwako ni saa nzima na zaidi, kwenda tu."

"Treni zipo."

"Mbona hukusema juzi?"

"Ulinipa nafasi, dada?"

Nikampisha aingie. Shifa alihamia kwanza chumbani kwangu, akaurudishia mlango. Heriel akaanza kufungua skrubu moja moja, anazitia kwenye kikombe. Alifanya kazi ile taratibu sana, kana kwamba mwenyewe Abass amesimama nyuma yake anamwangalia.

"Kwetu mjane haondolewi kihambani," akasema, mgongo kanigeuzia.

"Usinidanganye, Heriel. Wanaondolewa kila siku."

"Najua." Akafungua skrubu nyingine. "Baba mdogo alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Wazee walinituma mimi na binamu zangu tutoe vitu vya mama mdogo. Mimi nilibeba kitanda chake, dada. Nilikibeba mpaka barabarani, nikakiweka, nikarudi kula. Walikuwa wamechinja." Akatia skrubu kikombeni. "Juzi nilisikia uliyomwambia Shifa. Mbao hizi hazifichi kitu."

Nilimwekea mkono begani, nikauacha hapo. Nikamwomba radhi kwa yote niliyosema jikoni. Akasema ya chumvi yalikuwa kweli.

Mbao zilipokwisha kutoka, sebule ikawa kubwa ya kushangaza, na katikati yake kile kitanda peke yake na mkeka. Heriel akakinyanyua. Dullah akataka kumsaidia, akamkatalia. Akakipeleka peke yake mpaka chumba kikubwa, akakiweka upande wa dirishani, akatikisa miguu yake kuhakikisha hakichezi. Kisha akarudi kukung'uta mkeka.

Ilibaki orodha. Polisi walitaka mke mwenyewe aje na pasipoti na cheti cha kifo. Shifa akampigia tena sheikh, akaambiwa haja ya lazima ya mchana inaruhusiwa, basi alasiri tukatoka. Hakuwa amekanyaga nje karibu miezi minne. Alitembea ameniegemea, akipepesa macho kwa jua. Dullah akatangulia hatua ishirini mbele yetu, akiwaondoa watu wa mikokoteni njiani kwa adabu ambayo sikuijua kama anayo.

Kituoni tukakaa mbele ya askari kijana. Akasoma majina kwenye kompyuta. Lipi lifutwe? La Heriel lilikuwa limeshahamishiwa Xintang. Nikamwonyesha la Abass.

"Huyu amehamia wapi?" akauliza, macho kwenye kioo. "Ameondoka nchini?"

"Anasemaje?" Shifa akaniuliza.

Nikamtafsiria. Shifa akaitoa bahasha, akakiweka cheti mezani, akakinyoosha kwa viganja vyake viwili.

"Mwambie hajaondoka," akasema. "Yuko hapa hapa Guangzhou."

Nikamwambia yule kijana hivyo hivyo, neno kwa neno. Akasoma cheti, akamtazama Shifa. Mikono yake ikatoka kwenye kompyuta. Akasema pole, kwa sauti ndogo, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu wa muhuri: kwamba akishabonyeza jina halitaonekana tena, je, mama angependa kuchapiwa karatasi ya zamani kwanza?

Nikamtafsiria Shifa. Akaitikia kwa kichwa. Ile mashine ikatoa karatasi yenye sisi sote watano na namba ya nyumba yetu juu. Ndipo kijana akabonyeza, ikatoka nyingine: Albina, Shifa, Dullah.

Nje, kwenye ngazi za kituo, Shifa akazishika karatasi zote mbili.

"Sasa nakaa kwa nani, da Albina?"

"Kwa Abass," nikamwambia. "Mimi namshikia mkataba tu."

Akanitazama kuona kama nasema ili kumfurahisha. Sikuwa nasema ili kumfurahisha, na nadhani aliona. Tukarudi nyumbani polepole. Usiku ule niligundua kwamba yeye pia anakoroma, na nikafurahi sana.

Ijumaa binti wa miwani alikuja, akapima, akahesabu. Mbao hakuna, vitanda viwili chumba kikubwa, kimoja chumba kidogo. Kofia ya Abass nilikuwa nimeihamishia ukuta wa dirishani. Akaiangalia, akaandika, akapiga muhuri. Mama Chen alinikumbatia jasho na yote. Tukaanza upya kuhesabu siku.

Eda iliisha Jumatatu. Shifa alioga, akavaa kanga mpya chini ya baibui, akajipaka udi kidogo kwenye viganja, akaniuliza kama ni mwingi mno. Dullah aliita gari. Heriel alitoka Xintang alfajiri, akatukuta makaburini, macho mekundu kwa usingizi, ameshika chupa mbili za maji kwa sababu aliambiwa kaburi hunyunyiziwa maji na hakujua ni kiasi gani.

Dullah alituonyesha kaburi, kisha sisi watatu tukabaki nyuma. Nilidhani atalia, nikawa nimejiandaa kumshika. Hakulia. Alitoa salamu, akachuchumaa, akaanza kung'oa majani yaliyoota kwenye udongo, moja moja, mpaka pakawa safi. Akasoma dua yake. Halafu akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mke anayempokea mumewe mlangoni.

"Nimemaliza, Abass," akasema. "Walitaka kunitoa. Sikutoka kwako hata siku moja."